Mahari ya Maji

Anneth Telesfori,
Kidato cha Tatu,
Kata ya Kanazi,
Ngara.
11 Septemba 2024

Mwenyekiti,
Kikundi cha Kujitolea Kutunza Chemchemi ya Nyakariba,
(nyumba ya pili kutoka kwetu, yenye mlango wa bluu).

K.K. Katibu wa Kikundi
(ambaye ni mimi).

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni Shangazi yangu,

YAH: OMBI LA KUKIFUTA KIKUNDI CHETU KWA KOSA LA KUFANIKIWA

Shikamoo. Nimeiweka hapa mwanzoni peke yake kwa sababu mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya kiofisi haina shikamoo, na mimi siwezi kumwandikia Shangazi Speciosa bila shikamoo. Sasa tuendelee kiofisi.

Kabla ya malalamiko naomba nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Si mama, si dada yangu Priscila ninayelala naye kitanda kimoja, si padri, ingawa kwa padri nilikaribia mara mbili nikaishia kuungama uvivu. Ile mila yetu ya mahari ya maji, inayomtaka kila mwanamume anayeoa bondeni kwetu apande miti arobaini kuizunguka chemchemi kabla hajaondoka na mke, si mila. Ni kosa la imla. Na aliyekosea ni mimi.

Utakumbuka ilikuwa miaka mitatu iliyopita, nikiwa darasa la saba. Watu walikuwa wamelima mpaka kwenye mdomo wa chemchemi, na chemchemi ilikuwa imebaki tope la kuogea nguruwe. Ukaitisha msaragambo, kijiji kizima kije tuiokoe pamoja. Wakaja wanawake kumi na mmoja na mbuzi mmoja. Ukasema kikundi lazima kiwe na kibao, na kibao lazima kiandikwe na mtu mwenye mwandiko. Wengine wote katika kikundi hiki walijitolea, mimi nilitolewa. Ukasimama nyuma yangu na jembe begani, ukanisomea: "Andika hivi, mwanangu. Mahari pa maji. Usikate mti."

Shangazi, sikusemi vibaya. Kwetu sisi L na R ni ndugu wanaoazimana nguo. Baba yangu siku ya uchaguzi huenda kupiga kula, na akirudi nyumbani huuliza kama kuna cha kura, na hakuna aliyewahi kufa kwa njaa wala kwa kukosa diwani. Ulikusudia mahali. Mtoto mwingine angeuliza, "Shangazi, mahali au mahari?" Mimi siulizi. Mimi ni mtu ambaye akikanyagwa mguu anaomba radhi. Nikasimama na brashi inadondosha rangi, nikatafakari peke yangu: mahari pa? Nikajiambia, Shangazi hakukaa sana shuleni, amekosea upatanisho wa kisarufi. Mahari haichukui "pa", inachukua "ya". Kwa hiyo nikakurekebishia. Neno lililokuwa sahihi, "pa", nikalitupa, na lililokuwa kosa nikaliandika kwa herufi kubwa: MAHARI YA MAJI. USIKATE MTI. Mwaka ule nilipata A ya Kiswahili.

Wiki mbili baadaye Pancras, aliyekuwa akimtaka Jovina, alipita pale na baba yake Jovina, ambaye alikuwa hajampenda na alikuwa anatafuta pa kumkwamishia. Nilikuwa nachota maji, nikasikia yote. Mzee akanyoosha fimbo kwenye kibao. "Wewe umesoma. Soma hapo." Pancras akasoma. "Umelipa?" "Nilipe kwa nani tena, baba?" "Si umesoma mwenyewe? Kwa maji. Binti yangu kalelewa na maji haya miaka ishirini, wewe unadhani nilimnywesha mimi?" Pancras akauliza mahari ya maji ni kiasi gani. Mzee akataja miti arobaini, nadhani kwa hasira tu, kama mtu anavyotaja bei ya kitu asichotaka kukiuza. Kesho yake asubuhi Pancras alikuja na miche arobaini ya misambya, miti ya asili ya kwetu, kwenye baiskeli.

Baada ya hapo nani angekubali kuolewa bila miti? Hakuna msichana aliyetaka kusemwa kwamba mwenzake aliondoka na msitu, yeye akaondoka na kanga. Mpaka leo ni harusi kumi na saba, na miti mia sita na themanini ukiondoa iliyoliwa na mbuzi. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, ulikisoma kibao, ukasema, "Kumbe nilisema maneno mazuri hivyo."

Halafu kamati ikakaza kamba. Ikaamuliwa kwamba kupanda si kulipa. Mche lazima uvuke kiangazi kimoja. Siku ya ukaguzi Mwenyekiti atahesabu, na ikiwa iliyo hai haifiki thelathini, bibi harusi anangoja kiangazi kingine. Uliyasema wewe, nikayaandika mimi. Sasa zamu ni ya dada yangu. Jumamosi hii, tarehe 14, utashuka bondeni kuhesabu miche ya Elick wa Nyarubungo, Biharamulo, na Priscila ataondoka au atangoja mwaka mzima kwa mujibu wa hesabu hiyo. Ndiyo maana naandika leo Jumatano, na ndiyo maana mwandiko wangu si mzuri kama wa kibao.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Maji yamekuwa karibu mno.

Zamani ikifika Julai chemchemi inakufa, tunakwenda mtoni. Saa moja na nusu kwenda. Kurudi ni zaidi, kwa sababu ya mlima na ndoo. Priscila mbele, mimi nyuma, na njia nzima yeye anaongea. Karibu kila ninachojua kuhusu dunia nilikijua nikiwa natazama visigino vyake. Kwamba ukitokwa damu mara ya kwanza haimaanishi unakufa. Kwamba mwalimu anayecheka na wasichana peke yao akwepwe. Kwamba ugali hauulizwi kama umeiva, unasikilizwa. Sasa chemchemi haikauki hata Agosti. Dakika saba tumefika, ndoo imejaa, dakika saba tumerudi. Ndani ya dakika saba mtu anaweza kuambiwa nini? Kikundi kimetunyang'anya zaidi ya saa tatu kila siku na hakikuwahi kuuliza zilikuwa na nini ndani.

2. Ngedere wamerudi.

Mzee Ntakirutimana, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote hapa bondeni, anasema hawakuonekana tangu alipokuwa kijana. Nao wamerudi wanajua mahindi yetu yalipo. Baba alipotaka kuwategea mtego, wewe Mwenyekiti ulikuja mpaka uani ukamwambia, "Telesfori, hao nao ni wanakikundi." Baba akauliza mbona hawaonekani kwenye msaragambo. Ukamjibu kwamba wao wanakula matunda ya mivumu na kuipanda kila siku, tena bila kuitwa, kwa njia wanayoijua wenyewe. Njia hiyo sitaieleza katika barua ya kiofisi.

3. Uongo wangu umepewa umri.

Mwezi wa nne mwaka huu lilikuja gari la mradi wa mazingira, na ndani yake mgeni mwenye kofia pana ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye jambo. Siku hiyo sote tulivaa fulana za kijani za kikundi, hata wewe ambaye hupendi zinavyobana. Mkalimani aliyetegemewa hakutokea, ukanisukuma mbele. Mimi ambaye darasani nikitakiwa kujibu naangalia dari. Lakini nikagundua kitu cha ajabu, Shangazi: kwa Kiingereza siogopi sana, kwa sababu hakuna anayenijua kwa lugha hiyo. Mgeni akauliza mila hii ina miaka mingapi. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni ya kusema kwamba ina miaka mitatu na ilizaliwa kwenye ncha ya brashi. Nikafungua mdomo, nikausikia ukisema, "Ni ya kale sana." Mgeni akaandika.

Bado ningeokoka, kwa sababu alitaka shahidi. Nikamgeukia Mzee Ntakirutimana nikimwomba kwa macho aseme hajui. Mzee aliniangalia, akamwangalia mgeni, akaiangalia ile kalamu inayongoja. Akasema, "Babu yangu mimi alitoa miti kumi na miwili. Enzi hizo miti ilikuwa ghali." Halafu akaongeza kwa Kihangaza kwamba wazee waliita inkwano y'amazi, yaani mahari ya maji hiyo hiyo, na vichwa vyote vikatikisika vikikubali, kichwa chako kikiwa cha kwanza. Nikatafsiri. Unisamehe, lakini kuona watu wazima ishirini wakikumbuka kitu ambacho hakikuwahi kutokea, tena kwa furaha, kulinitisha kuliko mtihani wowote. Jioni ile uliniambia, "Anneth, mtu unaweza kuzeeka bila kujua kwamba una mila." Ulikuwa na machozi. Ningesemaje hapo?

4. Suala la Elick na dada yangu.

Hili ndilo kubwa, na nitalieleza bila upendeleo.

Elick ni fundi wa matairi pale Nyakanazi, malori yanapolala. Novemba mwaka jana alileta miche yake arobaini ya kwanza, amevaa shati jeupe, akaipanga mbele yako kama mtu anayepanga mayai. Ilikuwa mikaratusi. Ukaizunguka mara moja. Ukasema, "Kijana, chemchemi hii ni mama mkwe wako, unamletea mlevi aje akae kwake? Huu mti unakunywa usiku na mchana, na haushibi." Elick akasema, "Shikamoo Shangazi. Kwetu Nyarubungo ndiyo tunayopanda." Ukajibu, "Marahaba. Kwenu mpande. Huku mnaoa." Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Priscila hakucheka, lakini niliona anajizuia.

Wiki mbili baadaye alirudi na misambya na mivumu. Tulisikia baadaye kwamba konda alitaka aiweke juu ya basi pamoja na magodoro, yeye akakataa, akaipakata mapajani toka Nyakanazi, mingine akaishika katikati ya miguu. Aliposhuka hakuweza kunyoosha magoti. Tangu Desemba hiyo anakuja Jumapili moja moja kuimwagilia, na kiangazi hiki amekuja kila baada ya wiki mbili. Kwa kuwa hawaruhusiwi kuwa peke yao, mlezi wao ni mimi. Nakaa juu ya jiwe nimewapa mgongo, nina daftari la Historia, na nina masikio.

Nakuripotia walichosema Jumapili iliyopita ili kamati ione ni mateso ya namna gani. Yeye dada alisema, "Huu umenuna." Elick akasema, "Haujanuna, unasinzia." "Kwenu miti inasinzia mchana?" "Kwetu kila kitu kinasinzia mchana, isipokuwa mama." Dada akasema, "Kwa hiyo nitakesha na mama yako." Elick akaendelea kumwagilia. Nilihesabu matone ya kopo lake. Halafu akasema, "Utakesha na mimi. Mama nitamlaza mapema." Basi wakacheka, wote wawili, kwa muda mrefu kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Sasa jiulize, Mwenyekiti: ni haki watu wawili wanaochekeana hivyo wafungwe na uhai wa mche? Mbuzi mmoja mwenye njaa ana mamlaka juu ya ndoa kuliko padri. Priscila ana miaka ishirini na mbili. Amengoja kimya mwaka mzima. Sanduku lake lipo tayari chini ya kitanda chetu, na nikigeuka usiku nalipiga teke kwa bahati mbaya.

Naomba isidhaniwe kwamba namtetea kwa faida yangu. Dada akiondoka mimi ndiye nitakayepata hasara, tena hasara tupu. Ni yeye anayemwambia muuza duka kwamba mdogo wake anataka kalamu ya bluu, nami nikiwa nimesimama pale pale. Mwaka jana kwenye zahanati ni yeye aliyemweleza muuguzi tumbo langu linaumaje, upande gani na kuanzia lini, mimi nikitikisa kichwa. Muuguzi aliuliza kama mimi ni bubu. Priscila akasema, "Sio bubu, anatunza maneno." Hakuna mwingine atakayelisema hilo. Kwa hiyo ona jinsi ninavyojitolea.

5. Lalamiko hili nimelifuta kwa sababu linamhusu padri.

6. Hoja ya kisheria.

Tumefundishwa kwenye Uraia kwamba jambo lililojengwa juu ya kosa nalo ni kosa. Ikiwa mahari ni mahali, basi hakuna mwanamume aliyekuwa anadaiwa mti wowote. Ikiwa hakudaiwa, ile miti mia sita na themanini ni mali ya watu iliyochukuliwa kwa kosa la herufi moja, na lazima ing'olewe irudishwe kwa wenyewe, kila mmoja arobaini yake, Pancras wa kwanza. Ikishang'olewa, maji yaliyotoka kwa sababu ya miti hiyo nayo hayakuwa halali. Yaambiwe yarudi chini yalikokuwa. Asali iliyorinwa pale mwaka jana, ambayo sehemu yake iko kwako ndani ya chupa ya soda, warudishiwe nyuki kwa muhtasari maalumu.

Haitaishia hapo. Wale mabibi harusi kumi na saba waliondoka kwao baada ya kulipiwa mahari isiyokuwepo, na kamati itapaswa kuamua kama waliondoka kweli au walikwenda kutembea tu. Jovina ana mtoto. Mke wa Projestus ana mapacha. Watoto hawa wasihukumiwe, lakini hadi suala litakapoamuliwa napendekeza majina yao katika daftari la kikundi yaandikwe kwa penseli. Ngedere warudi walikotoka. Mzee Ntakirutimana amrudishe babu yake. Na yule mgeni aandikiwe barua kwa Kiingereza, niko tayari kuiandika, kumjulisha kwamba mila ya kale sana imefutwa kwa sababu ya kufutwa kwa herufi R.

Nimelifikiri hili kwa siku nyingi na sioni pa kusimamia katikati. Ama tunaacha kosa lote, au tunaling'oa lote.

Kwa hayo yote naomba mambo matatu. Ukaguzi wa Jumamosi usifanyike, kwa kuwa hakuna cha kukagua. Kikundi kivunjwe kwa heshima, na majembe yagawanywe. Na dada yangu Priscila atamkwe huru kuolewa wakati wowote, bila mti, bila kiangazi, bila mtu kushuka bondeni na kijiti kuhesabu majani, kwa sababu kumzuia dada aliye tayari kuondoka ni ukatili, na mimi siwezi kuvumilia ukatili.

Nakuomba pia usinigombeze mbele za watu. Ukitaka kunigombeza nipo nyumbani kila siku baada ya saa kumi.

Mama anakusalimu na anaulizia ungo wake. Baba anasalimu, ila suala la ngedere halijaisha. Nisalimie mume wako, watoto, kuku wenye vilemba, na wanakikundi wote kumi na mmoja wa mwanzo pamoja na huyo mbuzi kama yupo. Msalimie na Jovina ukimwona, ila usimwambie habari ya penseli.

Wako katika utumishi wa hiari niliolazimishwa,

Anneth Telesfori
(Mlalamikaji)

Maoni ya Katibu: Mlalamikaji namfahamu tangu utotoni. Si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo yaliyomo yapewe uzito. Naipitisha.

Anneth Telesfori
(Katibu)

Tanbihi:

Shangazi, hii sehemu si ya kiofisi.

Leo asubuhi kabla ya kwenda shule nilishuka bondeni kuhesabu miche ya Elick. Iliyo hai ni thelathini na nane. Mmoja aliula mbuzi, naye ni wa kwetu. Mwingine sijui ulikufa na nini. Nilihesabu mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa natafuta mfu. Ile iliyokuwa inasinzia ina majani mapya, ya kijani kile cha kuumiza macho. Kwa hiyo Jumamosi utahesabu na atapita, hahitaji barua yangu. Atatangazwa kanisani Jumapili tatu, na Jumamosi ya kwanza ya Oktoba ataondoka.

Sasa fungua katiba ya kikundi, Ibara ya Tisa. Wewe unajua haipo kichwani kwako, ipo kichwani kwangu tu, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika. Inasema lalamiko lolote la maandishi, lililopitishwa na Katibu, linasimamisha ukaguzi mpaka Mkutano Mkuu ulijadili. Mkutano Mkuu ni Desemba. Desemba ni Majilio, padri hafungishi ndoa. Kwa hiyo barua hii inayolia kwamba dada yangu asingojeshwe ingemngojesha mpaka Januari. Ndiyo kazi niliyoipa. Hayo mengine yote, sheria, penseli, ukatili nisioweza kuuvumilia, niliyaweka yaifunike kazi hiyo, kama unavyofunika mche kwa majani usionekane na mbuzi.

Kosa la kibao ni la kweli. Hilo nimeungama na utaamua wewe. Lakini ukiniuliza maoni yangu, na hujaniuliza, kibao kisiguswe. Dada alinisaidia kujua kitu kimoja bila kujua kwamba ananisaidia. Wiki iliyopita nilimuuliza, maana yeye naweza kumuuliza, kama hachukii kungojeshwa na miti. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Angenichukua siku ileile ningejuaje kama anarudi?" Tangu siku hiyo silali vizuri, kwa sababu niliona kwamba kikundi hiki hakikumwonea. Kilimpa mwaka wa kumwangalia mtu akirudi. Anayetaka kumwonea ni mimi.

Sijui mtu anamwambiaje mwenzake kwamba hataki aondoke. Kwa Kiswahili sijui, na kwa Kiingereza hakuna wa kumwambia. Nimejua tu kumwandikia Mwenyekiti.

Barua hii nimeanza kuiandika nilipotoka shule, na kila mtu akipita mlangoni naifunika kwa daftari la Historia. Mama amepita mara mbili, baba mara moja. Sasa nasikia ndala za Priscila kwenye kokoto, zile ambazo moja inaburuta kamba. Anatoka bondeni. Anaweka ndoo chini ya dirisha. Daftari lilikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto, tayari kufunika, na sasa nimeliweka sakafuni.

Kwa hiyo ukiipata barua hii, ni yeye atakayekuwa ameileta. Nikimaliza sentensi hii nitaigeuza karatasi ielekee mlangoni, asije akasoma kichwa chini miguu juu.